Bia Chungu ya Mkaguzi wa Mabasi

Mji wa Keighley, huko Yorkshire, haujawahi kupungukiwa na watu wanaojua kila kitu, lakini mwaka 1978 aliyewazidi wote alikuwa Wilfred Barraclough, mkaguzi wa mabasi, miaka hamsini na minane, mwenye masharubu yaliyonyooka kama yamechorwa kwa rula. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kudandia basi ghafla, kuitazama tiketi ya ajuza wa miaka themanini kana kwamba ni noti bandia, kisha kumwambia kwa upole wa afisa forodha, "Mama, safari yako iliishia kituo kilichopita." Tiketi iliyokwisha muda aliiona kutoka viti kumi mbele. Kwa mambo mengine Mungu hakumjalia jicho kali hivyo, lakini nani ana kila kitu?

Jioni alikwenda baa ya Kondoo Dume pamoja na jirani yake wa ukuta mmoja, Lister Sugden, mzee mjane aliyestaafu kiwanda cha kuyeyusha chuma. Wilfred aliongea, Lister akasikiliza. Urafiki wao ulisimama juu ya mgawanyo huo wa kazi kwa miaka ishirini, na Wilfred aliuona mgawanyo wa haki kabisa.

Mwezi wa Aprili mwenye baa, Percy Holdsworth, aling'oa bomba la mkono lililokuwa likivuta bia chungu kutoka mapipa ya chini, akaweka kifaa kipya cha kubonyeza. Bia iliyotoka ilikuwa ya baridi, tamutamu, imejaa gesi. Wilfred alipiga funda moja, akaiweka glasi chini kama mtu aliyekuta nzi ndani yake.

"Percy, hiki ni kitu gani?"

"Bia."

"Nimekuuliza swali la maana, bwana."

"Ndiyo wanayotuletea siku hizi, Wilf. Vijana wanaipenda."

"Vijana wanapenda hata kulala mpaka saa sita mchana! Haya ni maji yaliyooshea pipa."

"Basi kapike yako," alisema Percy huku akifuta kaunta, bila nia yoyote mbaya.

Wilfred alisimama, akavaa kofia yake, akawatangazia wateja wote kumi na mmoja kwamba hatakanyaga tena pale, na kwamba atapika bia chungu itakayowaliza. Wateja kumi na mmoja waliendelea kunywa. Lister alibaki amalizie glasi yake.

Siku hizo vifaa vya kupikia bia nyumbani viliuzwa hata kwenye maduka ya dawa, rafu moja na chupa za kikohozi, jambo ambalo lingemtosha mwenye akili kama onyo. Wilfred alinunua kopo la rojo ya kimea, nzito na nyeusi kama lami, iliyokwisha tiwa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Ndani ya boksi kulikuwa na pakiti ya hamira na karatasi ya maelekezo.

"Mzee, siri yake ni usafi na subira," alisema binti wa dukani. "Kilo moja ya sukari. Ikishatulia kabisa ndiyo unatia kwenye chupa, halafu unaiacha wiki tatu nyingine..."

"Binti, mimi nilikuwa nakunywa bia kabla mama yako hajazaliwa."

"Kunywa, sawa. Kupika je?"

Wilfred alimhurumia kwa ujinga wake, akaondoka.

Mkewe, Enid, alikuwa mpishi wa kantini ya shule, mwanamke aliyelea watoto watatu na Wilfred mmoja. Alisimama mlangoni mwa jiko lake akamtazama mumewe akiyeyusha ile rojo kwa maji ya moto, ndani ya ndoo ambayo siku zote ilikuwa ya kulowekea soksi. Wilfred alikuwa ameisuuza ndoo hiyo mara moja, kwa heshima ya usafi. Karatasi ya maelekezo alikuwa ameitandika chini yake ili sakafu isilowe.

"Wilf, hiyo ni kilo ya pili."

"Sukari ndiyo nguvu."

"Karatasi imesema moja."

"Karatasi imeandikiwa wasiojua."

"Na wewe unajua?"

"Mimi nina ulimi."

"Hilo mtaa mzima unalijua," alisema Enid, akaenda sebuleni kufuma.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wilfred hakumsubiri wa kumsifu. Alijisifu mwenyewe, akatia sukari. Ndoo aliisukuma ndani ya kabati la tangi la maji ya moto, mahali ambapo mashuka hukaushwa, kwa sababu aliamini hamira, kama abiria, ikibanwa huenda haraka. Ikaenda haraka kweli. Siku ya pili mashuka yote ya nyumba yalinuka kama mkate uliosahauliwa. Siku ya tano povu lilikuwa bado linapanda, lakini Wilfred alikuwa amechoka kusubiri. Akachota, akajaza chupa arobaini, kila moja na kijiko kizima cha sukari juu yake, akazipanga chini ya ngazi.

Jumapili iliyofuata, dada yake Enid aitwaye Mavis alikuja kwa chakula cha mchana. Nyama ilikuwa mezani, mchuzi unapitishwa, Wilfred anaeleza kosa la serikali, ndipo chupa ya kwanza ilipolipuka. Ya pili na ya tatu zilifuata. Mavis, ambaye mabomu ya Wajerumani yalimkuta akiwa msichana, alikuwa chini ya meza kabla ya kioo kumaliza kuanguka.

"Wamerudi?" aliuliza kutoka huko chini.

"Hapana, mpenzi," alisema Enid, akiendelea kumwaga mchuzi. "Ni kinywaji cha Wilf."

Chupa thelathini na saba zilinusurika. Rangi yake ilikuwa ya maji ya mtaro baada ya mvua. Ukiifungua, ilitoka kwa hasira. Ladha yake ilianza na sukari, ikapita kwenye sabuni, ikaishia kwenye majuto. Wilfred alikunywa glasi nzima amefumba macho, kisha akatoa hukumu: "Ni bia inayotaka mtu mzima."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bia ya Wilfred ilitembezwa hadi kwenye karakana ya mabasi. Madereva walikuwa wakiona masharubu yake yanakuja na chupa kila upande, nao wakawa watu wa dini na maradhi. Mmoja alisema ameweka nadhiri Jumanne iliyopita. Mwingine alisema mkewe hamruhusu, na mkewe huyo alikuwa amemkimbia tangu mwaka uliotangulia. Wa tatu, kijana mwenye heshima, aliipokea, akashukuru, na baadaye akaimwaga kwenye choo cha karakana, ambacho mafundi waliapa hakijawahi kung'aa vile.

Ni mtu mmoja tu aliyerudi kuomba nyingine. Jumamosi moja Lister alichungulia juu ya ukuta wa uani.

"Wilf. Ile bia yako ipo?"

"Ipo."

"Nipatie nne."

Wilfred aliingia ndani mbio. Alizileta sita.

"Umeipenda, siyo?"

Lister aliwaza. Alikuwa mtu wa kupima maneno. "Inafanya kazi," alisema.

"Inafanya kazi! Enid, umesikia? Inafanya kazi vipi, Lister?"

"Jioni naimimina. Asubuhi kazi imekwisha."

"Unalala kama mtoto, eh?"

"Usingizi wangu haujambo," alisema Lister, akaondoka na chupa zake sita kwenye toroli, kuelekea bustanini.

Tangu siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia Wilfred lolote. Alipika ya pili, ya tatu na ya nne, zote kwa ufundi uleule, na kila Jumamosi Lister alichukua sehemu yake bila kukosa. Wilfred alimtaja ndani ya mabasi. "Kuna mzee hapa mtaani," aliwaambia abiria waliokuwa hawana pa kukimbilia, "mtu aliyeyeyusha chuma miaka arobaini. Hanywi kingine."

Majira yale ya joto yalikuwa ya mvua tupu, na bustani za kukodi za halmashauri, nyuma ya reli, zilivamiwa na koa, wale konokono wasio na nyumba. Walikula saladi, wakala maharagwe, wakapanda hadi kwenye liki, vile vitunguu virefu vya shingo nyeupe ambavyo wazee wa Keighley huvitunza kuliko wajukuu. Watu walitia majivu, wakatia chumvi, wakatoka na tochi na makopo, wakalia. Wilfred hakuwa na bustani, kwa hiyo aliyajua yote waliyokosea.

Maonyesho ya bustani yalifanyika Jumamosi ya tarehe kumi na sita Septemba, mchana, kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Palikuwa na mashindano ya liki, ya karoti, ya jemu, na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, ya bia za nyumbani. Wilfred aliingiza chupa mbili. Alivaa suti ya harusi ya bintiye, akasimama karibu na meza ili asiwape waamuzi usumbufu wa kumtafuta.

Mwamuzi wa bia alikuwa Bwana Crabtree wa Skipton, mtu mwembamba, mtulivu, mwenye kitambaa cheupe mkononi. Alifungua chupa ya Wilfred, akasubiri povu limalize kupanda na kumwagika kwenye kitambaa cha meza, akaonja kidogo sana, akasogelea dirisha, akakaa huko. Kisha akaandika kadi na kuiegemeza kwenye chupa: "Harufu: ipo. Uwazi: haupo. Ushauri: mshiriki asome maelekezo."

"Mwenzetu ana mafua," Wilfred alimnong'oneza Enid. "Mtu mwenye mafua haonji."

"Twende tukatazame liki," alisema Enid.

Liki za Lister hazikuwa na mshindani. Zilikuwa nene kama mkono wa mwashi, nyeupe, bila tundu hata moja, wakati liki za wengine zilionekana kama zimepigwa risasi. Alipewa kikombe cha fedha. Mwenyekiti wa maonyesho, akijua kwamba ukumbi mzima una swali moja, akampa kipaza sauti.

"Bwana Sugden, mwaka wa koa namna hii! Tuambie siri yako."

Lister alikishika kipaza sauti kama chombo cha daktari. Alitazama watu, akamwona rafiki yake. "Siri ni bia ya Wilf Barraclough," alisema.

Ukumbi mzima uligeuka. Wilfred alitoa kifua mbele, akamtafuta Bwana Crabtree kwa macho ili amsamehe hadharani.

"Nazika makopo kwenye udongo mpaka shingoni," Lister aliendelea, kwa maana alikuwa ameulizwa na yeye huwa anajibu. "Naijaza humo. Koa wanaifia. Nimejaribu bia za dukani, wapi! Wanakuja watano, sita. Hii ya Wilf wanaifuata toka bustani ya tatu. Asubuhi nakuta kopo limejaa, wamelala humo mamia. Sijapata kuona bia kama hiyo." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Asante, Wilf."

Kicheko kilianzia meza ya jemu. Kikapita karoti, kikafika mlangoni, kikarudi. Mwenyekiti alilazimika kukaa. Percy Holdsworth wa Kondoo Dume, aliyekuja kuuza vinywaji, aliegemea ukuta machozi yakimtoka, akisema, "Si aliahidi atatuliza!" Wilfred alivaa kofia yake, akatoka, akatembea hadi nyumbani katika mvua, na Enid nyuma yake amebeba chupa moja iliyobaki.

Wiki tatu Wilfred hakumsemesha Lister. Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila alipodandia basi, kuna sauti ilitoka viti vya nyuma: "Mkaguzi, nina koa hapa hana tiketi!" Na kilichomuuma, ukimtoa masharubu na majivuno, hakikuwa koa. Katika mji wenye watu elfu hamsini, mmoja tu alikuwa ameiomba bia yake tena, na Wilfred aliishi majira mazima ya joto juu ya ombi hilo.

"Nenda ukaongee naye," alisema Enid.

"Aje yeye. Aliyekosa ni yeye."

"Alikosa nini? Kukushukuru?"

Jumamosi ya tarehe saba Oktoba, Lister alikuja mwenyewe, na liki mbili zimefungwa kwenye gazeti. Aliziweka juu ya meza ya jiko. Enid akamvutia kiti, akajikumbusha kazi ya sebuleni, akaenda, akaacha mlango wazi.

"Ungeniambia, Lister," alisema Wilfred. "Mtu na rafiki yake. Ungeniambia kwamba ni mbaya."

"Sijui kama ni mbaya."

"Hujui vipi? Umechukua chupa zaidi ya sitini!"

"Sijaionja, Wilf. Mimi sinywi. Nina vidonda vya tumbo. Daktari alinikataza tangu mwaka sabini na tano."

"Usinichezee. Kila jioni tulikuwa wote Kondoo Dume. Ulikuwa na glasi mkononi!"

"Soda ya limau. Percy huniwekea kwenye glasi ya mpini."

Sasa, bia chungu ni ya kahawia, na soda ya limau ni nyeupe kama maji ya bomba. Kwa miaka miwili na nusu, mtu mwenye jicho la kuona tiketi mbovu kutoka viti kumi alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwenye glasi hiyo, jioni baada ya jioni, akaigonga na yake, akasema "afya".

"Mbona hukusema?" Wilfred aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ulikuwa unaongea," alisema Lister. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kisha Lister, ambaye siku hiyo alitumia maneno ya mwaka mzima, akaongeza, "Ilikuwa mwezi uleule aliokufa Nellie. Sikuwa na hamu ya kueleza watu mambo ya tumbo."

Wilfred alimkumbuka Nellie Sugden, mke wa Lister, alikumbuka hata mazishi, kwa kuwa gari la maiti lilichelewa na alimweleza dereva njia aliyopaswa kupita. Tarehe hakuikumbuka. Ikambidi aulize, na kuuliza kulimgharimu.

"Tarehe tisa," alisema Lister. "Keshokutwa."

Jumatatu Wilfred aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo karakana ililipokea kwa shangwe, akaenda makaburini pamoja na Lister. Walipanda kilima kwa miguu. Njia nzima, kwenda na kurudi, Wilfred hakusema kitu. Enid alipoambiwa hakuamini, akamwendea Lister kwa siri kuthibitisha.

"Hata kuhusu mwendo wa basi?"

"Lilipita moja limechelewa dakika kumi na moja," alisema Lister. "Alilitazama tu."

Wiki hiyohiyo Wilfred alirudi duka la dawa. Binti alikuwepo. Alinunua kopo lingine, na ndoo mpya, na unga wa kuoshea vyombo vya pombe, na kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha kama sukari imekwisha kuliwa. Nyumbani akavaa miwani, akaisoma karatasi kutoka herufi ya kwanza hadi anwani ya kiwanda cha uchapaji, kama alivyokuwa akisoma kanuni za usafirishaji. Kumbe mle ndani mlikuwa na kila kitu. Akaosha. Akapima kilo moja. Akaweka ndoo kwenye kona ya chumba kisicho na joto kali, akaenda kuitazama kila asubuhi bila kuigusa, na Enid anasema hajawahi kumwona mtu akiteseka vile. Siku ya tisa kipimo kilipotulia kwa siku mbili mfululizo, akajaza chupa, nusu kijiko cha sukari kila moja. Kisha akasubiri hadi wiki mbili kabla ya Krismasi.

Haikuwa bia ya miujiza. Ilikuwa ya kahawia, angavu, na povu la kiasi, na uchungu uliokuja mwishoni taratibu. Enid alikunywa nusu glasi amesimama karibu na sinki.

"Inanyweka," alisema.

Katika Yorkshire hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Wilfred alitoka uani akajifanya anatafuta kitu.

Wilfred alirudi Kondoo Dume mwezi wa Januari. Aliwaeleza wote kwamba kiapo chake kilihusu kunywa, siyo kukaa, naye amekuja kukaa na Lister. Percy akamwekea soda ya limau kwenye glasi ya mpini, kwa heshima zote, na watu kumi na mmoja wakamtakia afya.

Shida ilikuja masika. Lister alichukua chupa sita za bia ile njema, akazimimina kwenye makopo, na asubuhi akakuta koa watatu, wazee. Hamira ilikuwa imetulia chini, utamu umekwisha, na koa hawana habari na bia angavu. Jioni hiyo ujumbe wa watu wanne wa bustani ulipiga hodi kwa akina Barraclough, kofia mikononi.

"Bwana Barraclough," alisema msemaji wao, "tunakuomba, kama hutajali... ile ya zamani."

"Ile mbaya?"

"Hatukusema mbaya, bwana. Tumesema ya zamani."

Wilfred aliudhika siku moja kamili. Siku ya pili aliitoa ndoo ya soksi. Kwa hiyo kuanzia mwaka ule alipika aina mbili, moja ya watu na moja ya koa, na kama ungemsikiliza vizuri ungejua ni ipi iliyompa kiburi zaidi, kwa kuwa hiyo ya pili hakuna mtu katika bonde zima aliyeweza kuiga. Wengi walijaribu. Ilitoka safi mno.

Jumamosi asubuhi utawakuta wawili hao bustanini wakizika makopo, Lister na chai yake kwenye chupa ya kuhifadhia moto, Wilfred akimwuliza mambo na, mara nyingine, akisubiri jibu. Septemba hiyo Lister alishika nafasi ya pili. Alipokea kadi yake, akaenda zake kula keki. Wilfred alikaa mezani siku nzima ya Jumapili akaiandikia kamati ya maonyesho malalamiko ya kurasa tatu, akionyesha kwamba liki za mshindi zilipimwa kwa utepe uliokuwa umelegea, na akadai jibu ndani ya siku kumi na nne.